Siku Mzee Ausi Alipoacha Kubisha

Wanafunzi wa uuguzi waliopita mikononi mwangu walinibandika jina la Mama Kwikwi, wakadhani silijui. Nililijua tangu wiki ya kwanza. Walinipa jina hilo kwa sababu kila nilipofika kitandani kwa mgonjwa wa kiharusi niliuliza yale yale: analalaje, ametapika tena, ana kwikwi? Walikuwa wanacheka chini chini kwenye chumba cha sindano. Kwikwi ni ya mtoto aliyenyonya kwa pupa, walisema, huyu mama anatafuta nini? Sasa nimestaafu, magoti yananisumbua, na sina tena wa kumkemea zaidi ya kuku. Basi nyinyi mnaoanza kazi leo, mliobarikiwa mashine ambazo sisi hatukuziota, funikeni hizo simu kidogo niwaambie nilichokuwa natafuta.

Nilianzia kazi kwenye zahanati moja upande wa Ruangwa, kisha nikahamia hospitali ndogo ya misheni upande wa Nachingwea, na huko ndiko nilikozeekea. Jina la hospitali tuliache. Ilikuwa na wodi ya wanaume, wodi ya wanawake, chumba cha upasuaji ambacho bati lake lilipiga kelele mvua ikinyesha, na redio ya upepo ya kuwasiliana na nje, iliyofanya kazi ilipojisikia. Mashine ya kupiga picha ya ubongo tuliisikia tu kwa watu waliotoka Dar es Salaam.

Miaka ya tisini, kwetu, ukija unaumwa kichwa na unatapika, basi una malaria. Hata kama kichwa kimeangukiwa na boriti, kwanza tukupe kwinini, boriti tutaizungumza baadaye. Simlaumu mtu, maana malaria kweli ilikuwa inatumaliza, hasa watoto. Lakini tazameni lililotokea kwa mtu mzima aliyepata kiharusi cha kisogoni. Anakuja na kizunguzungu, anatapika, hawezi kusimama. Tunamwekea kwinini, na kwinini yenyewe inaleta kizunguzungu na kuvuma kwa masikio. Kizunguzungu kikizidi tunasema dawa inafanya kazi. Na hiyo kwinini ilikuwa inachanganywa kwenye dripu ya maji ya sukari, maji ambayo ubongo unaotaka kuvimba unayanywa kwa furaha. Ndugu nao wakiona chupa inaning'inia wanatulia, kwa sababu huku kwetu mgonjwa asiyewekewa dripu anahesabiwa kuwa hajatibiwa. Mtu akiniuliza leo ni kitu gani kigumu nilichofanya kazini, nitasema ni kumweleza mama mmoja wa kijiji cha Mtua kwa nini mwanawe hahitaji dripu.

Aliyetufumbua macho alikuwa Daktari Milanzi, daktari msaidizi aliyeletwa kwetu kutoka Masasi. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na mchoyo wa maneno, utadhani kila neno analinunua dukani. Mgonjwa wa kizunguzungu akilala kitandani, mikono anainua, miguu anainua, sisi tunaandika hana tatizo. Milanzi alikuwa anakuja, anamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, halafu anamwachia huku mikono yake mwenyewe ameitega kumdaka. Mtu mwenye mikono yenye nguvu ya kupasua kuni anaanza kupepesuka hapo alipokaa na kuangukia upande mmoja.

"Akiwa amelala kila mtu ni mzima, sista," aliniambia. "Mkalishe."

Halafu anamwambia mgonjwa aguse pua yake, kisha kidole cha daktari, kisha pua. Mkono unakwenda, nguvu unayo, lakini unapotea njia karibu na kufika. Hapo ndipo nilipoanza kujua kwamba kuna kiharusi kisichopindisha mdomo wala kulegeza mkono. Wengi wenu mpaka leo mnasubiri mdomo upinde.

Milanzi alitueleza habari ya ule ubongo mdogo wa nyuma kwa kutumia choroko. Alizijaza kwenye chupa ya dawa ya kikohozi hadi juu, akamimina maji, akaiweka dirishani kwenye chumba cha wauguzi. Kesho yake choroko zilikuwa zimevimba na kukabana, na maji hayapiti tena. Kisogoni, alisema, nafasi ni finyu kama chupa ile. Sehemu iliyokosa damu haivimbi saa ile ile. Inavimba siku ya pili, ya tatu, ya nne, wakati mwingine hata wiki inakaribia kwisha. Ikivimba inaziba njia ya maji ya ubongo, na inasukuma shina la ubongo, pale panapoongoza pumzi na moyo. Kwa hiyo mgonjwa anayefika akitapika na kulalamika hajafika kwenye hatari yake bado. Hatari yake iko njiani, na inakuja wakati wote mmeshaanza kupumua.

Kuna mama mmoja wa kijiji cha Lionja tuliyempoteza namna hiyo, kabla Milanzi hajatufundisha. Alikuja na kizunguzungu, siku ya pili akaacha kutapika na akalala vizuri. Ndugu zake walishukuru. Huku kwetu mgonjwa aliyepata usingizi haamshwi. Mkwe wake alikaa mlangoni siku nzima akiwaambia watu wavue viatu wasimsumbue, na sisi wenyewe tulipita tukinyata. Hakuamka. Niliumia sana, na bado nikimkumbuka naumia, hasa yule mkwe wake mwenye adabu zote zile.

Baada ya hapo ikawa sheria wodini: mgonjwa wa kisogo aamshwe, apende asipende, na ndugu wakinuna wanune. Lakini kumbe kuamsha ni nusu tu ya kazi. Unamwamsha, unamwuliza nini?

Vitabu vilisema muulize leo ni tarehe ngapi na rais ni nani. Nilimuuliza bibi mmoja wa Kimakonde tarehe, akaniangalia kama nimemtukana. Tarehe anaitakia nini mtu wa shamba? Anajua mihogo imekomaa na ufuta umekauka, inamtosha. Wengine Kiswahili chenyewe walikuwa wanakijulia sokoni tu, kwa hiyo akinyamaza hujui kama ubongo umezidiwa au ni lugha. Na kubwa kuliko yote, watu wetu wana adabu. Ukiwa umevaa nguo nyeupe, kila unalouliza anakwambia ndiyo sista. Umelala? Ndiyo sista. Kichwa kimepungua? Ndiyo sista. Kimezidi? Ndiyo sista. Salamu nayo ni bure kabisa. Mtu wetu anajibu hujambo na shikamoo hata kama mguu wake mmoja uko kwa Mungu, maana majibu hayo mdomo umeyazoea hauhitaji kumuuliza mwenye kichwa. Andikeni hilo popote mnapoandikia siku hizi: salamu haipimi ubongo.

Dawa ya jambo hilo nililetewa na fundi cherehani.

Fundi huyo alikuwa anaitwa Komba, Mngoni wa Songea aliyehamia pande za huku tangu ujanani. Cherehani yake ilikuwa kwenye kibaraza nje ya geti la hospitali, na mashuka yetu yote yaliyochanika alikuwa anayashona yeye. Kabla ya hapo alikaa miaka mingi Nanganga, jirani na fundi baiskeli mmoja Mmwera, Mzee Ausi. Wangoni na Wamwera ni watani, mnajua wenyewe, ingawa siku hizi naona nyinyi vijana mnatania mpira tu. Babu zake Komba waliwavamia babu zake Ausi, wakateka watu na mahindi, na wajukuu wakarithi ruhusa ya kutukanana bila mtu kukasirika. Wale wawili waliitumia ruhusa hiyo mpaka ikachakaa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, daraja la Rufiji lilikuwa bado linajengwa, korosho zinamalizikia na mvua zimeanza. Mzee Ausi alikuwa anasukuma baiskeli ya mteja akaanguka nayo. Akainuka, akapepesuka, akaanguka tena, akatapika. Kwa kuwa msimu wa korosho ndio msimu wa uraka, na pombe hiyo ya mabibo inaangusha wanaume wengi, watu walimcheka wakampita. Mkewe, Bi Somoe, alipofika aliwafokea.

"Ausi huyu hanywi hata togwa iliyolala," aliwaambia. "Mnacheka mgonjwa."

Alimleta mwenyewe kwenye gari la kubeba korosho, kichwa cha mumewe kikiwa mapajani mwake. Milanzi alimkalisha ukingoni mwa kitanda, akamwachia, akamdaka. Akamgusisha pua na kidole. Kisha akaagiza kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali, asipewe maji ya sukari, asipewe uji mpaka tuone anameza bila kupaliwa, na aamshwe mara kwa mara mchana na usiku.

"Huyu tumwangalie siku hizi tatu, nne," alisema. "Leo siyo siku yake mbaya."

Kesho yake, wakati wa kuona wagonjwa, Komba akaingia wodini. Alikuwa ameshika tepu yake ya kupimia. Bila salamu akaitandaza juu ya Mzee Ausi kuanzia utosini hadi nyayoni.

"Usijali, mtani, endelea kulala," alisema. "Seremala anataka urefu, mbao ni chache."

Nilikuwa na nesi mgeni kutoka Mwanza, akataka kumtoa nje. Nikamshika mkono. Mzee Ausi alifumbua jicho moja, maana akifumbua yote mawili dunia ilikuwa inazunguka.

"Pima na wewe ukalale humo humo," alijibu, ulimi wake ukiwa mzito. "Mngoni ukifia huku nani atakuzika zaidi yangu?"

"Mimi sifi. Mimi nimekuja kurithi baiskeli yako."

"Utaiendeshaje? Nyie mmetoka Afrika Kusini mpaka hapa kwa miguu, baiskeli mmeijulia wapi?"

Wodi nzima ilicheka, hata yule aliyefungwa plasta mguuni. Mimi sikucheka, nilikuwa nimesimama na trei ya dawa, nimeduwaa. Huyu mgonjwa nilikuwa nimemwuliza asubuhi kama kichwa kinamuuma akaniambia ndiyo sista, halafu nikamwuliza kama hakimuumi akaniambia ndiyo sista. Sasa tazama. Amesikia tusi, amelielewa, amekumbuka historia, ametafuta lake la kurudisha, na amelirudisha mahali panapouma. Kwa kazi hiyo ubongo lazima uwe macho. Tarehe na jina la rais haviwezi kufika hapo.

Nikamwita Komba nje nikamwomba aje kila anapopata nafasi, asubuhi, mchana na jioni, afanye hivyo hivyo. Aliniangalia kwa mashaka.

"Sista, unaniajiri kutukana?"

"Nakuajiri kusikiliza anavyojibu. Ukisikia kitu kimebadilika, hata kidogo, niite."

Nilimweleza Milanzi. Alifikiri, akasema neno moja, "Vizuri," na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa hotuba.

Siku iliyofuata Mzee Ausi alipata nafuu, au sote tuliona hivyo. Kutapika kulikoma. Alimkashifu Komba kuhusu suruali aliyomshonea yenye mguu mmoja mrefu. Bi Somoe akaanza kutabasamu, akafua kanga zake, na mjomba wa Mzee Ausi akaletwa kutoka Nanganga kumwona. Mjomba huyu alikuwa mzee sana, na katika ukoo wa Kimwera neno la mjomba ndilo neno. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda akasema mgonjwa huyu atarudi nyumbani.

Mchana wa siku ya nne tangu aletwe, Komba aliingia kama kawaida. Mimi nilikuwa upande wa pili nasafisha kidonda cha mgonjwa mwingine. Nilimsikia akisema anaondoka na baiskeli leo, na mke pia anaondoka naye, maana mke mzuri hawezi kuachiwa Mmwera. Jibu la Mzee Ausi sikulisikia. Halafu akatoka. Alinipita, akarudi, akasimama mbele yangu amevua kofia.

"Sista," alisema, "mtani amekubali."

"Amekubali nini?"

"Nimemwambia nachukua baiskeli na mkewe. Amesema sawa, chukua." Akaikunja kofia mkononi. "Hajawahi kunikubalia kitu huyu. Tangu nimjue."

Niliacha kidonda wazi nikaenda. Bi Somoe alikuwa ameketi kando ya mumewe akimpepea, uso umetulia. Akaweka kidole mdomoni mwake, nisipige kelele. "Amepata usingizi mzuri leo," alininong'oneza. "Hata hasira zimemwisha."

Nilimwita jina, akafumbua macho. "Shikamoo, Mzee Ausi." "Marahaba, sista," alijibu, safi kabisa, na kabla sijavuta pumzi ya pili alikuwa amelala tena. Nikambana kucha kidogo, akaamka, akaniambia kisogo kinamuuma, akalala katikati ya neno. Kisha ikaja, kifua kikaruka kidogo, tena, na tena. Kwikwi, dalili kwamba shina la ubongo limeanza kusukumwa. Nikashika mkono wake nikahesabu mapigo, yalikuwa yamepungua mwendo, na presha ilikuwa imepanda kuliko asubuhi. Nyinyi mkiona presha inapanda na mapigo yanashuka kwa mgonjwa wa kichwa, msijipongeze kwamba moyo umetulia. Kimbieni.

Milanzi alikuja mbio, na mbio za Milanzi nilikuwa sijawahi kuziona. Akamwambia afuate kidole kwa macho. Jicho la kushoto lilikwenda nusu ya njia likakwama. Mgonjwa akatapika, bila hata kulalamika kwamba anataka kutapika. Tukamwekea chupa ya manitoli kupunguza maji kichwani, na Milanzi akanivuta pembeni.

"Manitoli inatununulia saa chache," alisema. "Anatakiwa afunguliwe kisogoni, na hiyo ni Dar."

"Barabara?"

"Barabara hiyo itamwua. Nakwenda kwenye redio."

Redio, kwa rehema za Mungu, siku hiyo ilijisikia. Ndege ndogo ya misheni ilikuwa mahali fulani kusini ikishusha dawa. Rubani alisema anaweza kupitia uwanja wa Nachingwea akiwa anarudi Dar, ila mawingu yanajenga, hatasubiri. Mgonjwa awe uwanjani alasiri hiyo au asubiri mpaka hali ya hewa ifunguke, na nani alijua itafunguka lini.

Sasa ikabaki familia. Hapa ndipo vijana wengi mnapoharibu, mkidhani ugonjwa ukishaeleweka kwenu basi umeeleweka. Jiwekeni kwenye nafasi yao. Mgonjwa alikuja anatapika, sasa amelala kwa amani. Alikuwa anatukana, sasa ameitikia salamu vizuri. Halafu watu wa hospitali wanataka kumpandisha ndege kwenda kupasuliwa kichwa.

Mjomba alinyanyua mkono. "Mtu akizidiwa hakai mbali na kwao," alisema taratibu. "Na huyu hajazidiwa. Amepumzika. Mwacheni."

Milanzi alieleza. Alieleza vizuri, kwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema, mpaka habari ya choroko akaitoa. Mjomba alisikiliza kwa heshima zote na akarudia neno lile lile. Bi Somoe alikuwa ameshika nguzo ya kitanda, anamtazama mjomba, anamtazama mumewe. Neno lake halikuwa na nafasi mbele ya mjomba na alilijua hilo. Mimi nilitazama mlangoni nikaona mwanga wa jua ukififia kwa mawingu. Niliogopa, nawaambia ukweli. Nilimwona yule mama wa Lionja.

Komba alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Akatoa tepu yake shingoni, akaizungusha kwenye kifundo cha mguu wa Mzee Ausi, akaifunga fundo. Mwisho wa tepu akaushika mkononi. Kisha akasimama wima mbele ya mjomba, sauti ikitoka kavu.

"Mjomba, mimi Mngoni. Nimemteka huyu."

Wagonjwa wakajiinua vitandani kumtazama.

"Babu zangu walikuja hapa wakateka Wamwera wakaondoka nao, hakuna aliyewauliza wanawapeleka wapi. Leo na mimi nimeteka mmoja. Mateka ni wangu, nampeleka ninakotaka, na ninakotaka ni Dar es Salaam. Ukitaka kumkomboa lete ng'ombe, na Mmwera ng'ombe huna."

Mimi ni Myao, na sisi tuna watani wetu, lakini sijawahi kuona utani ukitumika vile. Mtani akishika kitu chako kwa utani humnyang'anyi. Ukikasirika umevunja jambo kubwa kuliko kitu chenyewe. Mjomba alilijua hilo kuliko sisi wote. Alimkazia macho Komba muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtoka Komba wakati anatukana. Kitu fulani kwenye uso wa mzee yule kikalegea, akaguna, kisha akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyeshindwa.

"Wangoni ni wezi tangu zamani," alisema. "Mchukue. Lakini umrudishe."

Bi Somoe alianza kufunga nguo kabla mjomba hajamaliza sentensi.

Nilipanda mimi na mgonjwa, maana nafasi ya msindikizaji ilikuwa moja na alitakiwa mtu wa kumwangalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Hamtaki kujua jinsi nilivyosali. Nilishika mkono wa Mzee Ausi, na sijui kama nilimshika ili nihesabu mapigo au nisianguke. Kila baada ya muda nilimpigia kelele sikioni, na kwa kuwa sikuwa mtani wake nilimsingizia tu kwamba baiskeli anazotengeneza zinaua watu. Mara mbili alikunja uso. Kukunja uso huko nilikushukuru kuliko wimbo wowote wa kanisani, na mimi ni Mwislamu.

Dar walimpiga picha na kumwingiza chumba cha upasuaji usiku ule ule. Walimwekea mpira wa kutoa maji, wakamfungulia nafasi kisogoni. Daktari mmoja kijana alikuja kuniuliza tuliujuaje ugonjwa wake mapema, wakati huko kwetu hakuna mashine. "Wengi wananifikia hawaongei tena," alisema. "Huyu alinisalimia." Nilimwambia salamu haina maana, daktari, na nikamweleza habari za Komba mwanzo hadi mwisho. Alikaa chini kwenye benchi la korido akanisikiliza. Baadaye nilisikia kwamba alianza kuwauliza ndugu wa wagonjwa swali ambalo mimi nawaachieni nyinyi: ni nani mtu huyu huwa hakubali kushindwa naye? Mtafuteni mtu huyo na mmweke karibu na kitanda. Anaweza kuwa mtani, shemeji, mjukuu anayemwita bibi yake mke mwenzangu, jirani wa timu nyingine ya mpira. Mtu huyo atajua ubongo umeanza kuchoka kabla mashine yenu haijawashwa. Mashine nazitakia heri, zinaonyesha mengi, lakini lazima mtu aamue kumpeleka mgonjwa kwenye mashine, na uamuzi huo unafanyika wodini, mchana kweupe, wakati kila mtu anasema amepumzika.

Mzee Ausi alikaa Dar muda mrefu. Alijifunza kukaa, akajifunza kusimama, kisha kutembea miguu ikiwa imeachana, akishika fimbo. Alirudi kwa barabara na kivuko, mkewe akiwa amekwenda kumfuata, wakashukia getini kwetu kabla ya kwenda Nanganga. Ilikuwa kabla ya saa sita, kiangazi kimeanza. Nilikuwa natoka kuchukua mashuka nikamwona anateremka polepole, nywele zimeota upya, kovu kisogoni.

Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibaraza cha Komba, hatua zake zikiyumba, Bi Somoe nyuma yake mikono imetegwa. Komba aliinua uso kutoka kwenye cherehani. Mguu wake ulibaki juu ya pedali, haukanyagi.

Mzee Ausi akasimama mbele yake akaegemea fimbo. "Wee mwizi," alisema, na maneno yalivutika kidogo lakini yalikuwa yake. "Nimetoroka. Mateka wako ametoroka."

Komba akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaufunga, akaufungua tena, akatazama chini kwenye shuka alilokuwa anashona.

Mzee Ausi alisubiri. Akamwambia kwamba suruali aliyomshonea, Dar nzima waliicheka. Kimya. Akamwambia kwamba amekuja kuchukua cherehani. Kimya. Basi akageuka taratibu, akanitafuta kwa macho pale getini nilipokuwa nimesimama na mashuka yangu.

"Sista," aliniita, na safari hii wasiwasi wake haukuwa wa utani. "Njoo umpime huyu. Hajibu."

Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya Komba, nikamwinua kidevu, nikamtazama macho, jicho la kulia na jicho la kushoto. Yalikuwa mazima yote mawili. Ilinibidi nisubiri machozi yake yaishe kumwagika ndipo nimwambie Mzee Ausi kwamba mtani wake hana ugonjwa.